Kwa Maneno Yako Mwenyewe: Historia ya Zoezi la Ufahamu wa Kiingereza katika Shule za Sekondari za Afrika Mashariki

Miongoni mwa maagizo yanayochapishwa katika karatasi za mitihani ya sekondari, ni machache yaliyo mafupi na mazito kama lile linalomtaka mtahiniwa ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Agizo hilo huambatana na kifungu cha habari cha Kiingereza, na chini ya kifungu hufuata maswali. Kwa vizazi kadhaa vijana wa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda wameketi mbele ya karatasi ya namna hiyo, na kwa wengi wao majibu yake yalichangia kuamua kama wangeendelea na masomo au wangerudi nyumbani. Hata hivyo, kuna swali ambalo wanahistoria wa elimu hawajalipa uzito linaostahili: maneno hayo yaitwayo "yako mwenyewe" mtahiniwa ayapate wapi, ikiwa lugha anayotakiwa kuyatolea si yake?

Mhadhara huu unafuatilia historia ya zoezi hilo, tangu lilipotungwa hadi lilipohamia katika mtihani wa Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba zoezi la ufahamu liliposafirishwa hadi Afrika Mashariki lilibadilika maana bila kubadilika umbo. Kule lilikotoka lilikuwa kipimo cha namna msomaji anavyofikiri juu ya andiko la lugha anayoishi nayo. Huku likawa kipimo cha mambo mawili kwa pamoja, yaani kuelewa andiko na kuandika lugha ya kigeni, na msahihishaji hakuwa na njia ya kuyatenganisha. Matokeo yake ni kwamba mazoezi ya kujiandaa kwa mtihani huo yaligeuka, kwa sehemu kubwa, kuwa mazoezi ya kuukwepa ufahamu wenyewe.

Neno na zoezi

Inafaa kuanza na jina. Neno "fahamu" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kuelewa, lakini Kiswahili hakikuliacha lilivyokuwa. Kamusi la Frederick Johnson la mwaka 1939 linalipa maana za kujua, kuelewa na kukumbuka. Kama nomino, "fahamu" ni hali ya mtu aliye macho na mwenye akili zake: mgonjwa hupoteza fahamu, kisha akajaliwa hurudiwa na fahamu zake. Katika lugha ya kawaida, basi, fahamu ni jambo la mtu mzima, si la jicho linalopita juu ya mstari wa maandishi.

Shule imelipa neno hili maisha mengine. Kwa kiambishi u- limezaliwa "ufahamu", na mwalimu husema bila wasiwasi, "fungueni ukurasa wa kumi na tatu, fanyeni ufahamu". Mzee asiyepitia shule angestaajabu kusikia kauli hiyo, maana kuelewa si kazi ya kufanywa kama kufagia uwanja. Mtu ama anaelewa ama haelewi. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili haoni ajabu yoyote. Kwake "ufahamu" ni jina la kitu kilichochapishwa: kifungu, maswali, mistari ya kujibia na alama pembeni. Sarufi ya neno inafichua mabadiliko ambayo historia ya elimu inapaswa kuyaeleza. Kitenzi kimeondoka, imebaki nomino inayohitaji "kufanywa".

Mwenzake ni "muhtasari", ambao siku hizi huitwa pia "ufupisho". Nalo lina ukoo wake. Katika vyuo vya dini vya pwani, mukhtasari ni aina ya kitabu kinachokusanya kwa ufupi masuala ya fiqihi ili mwanafunzi ayahifadhi na mwalimu ayafafanue. Muhtasari wa namna hiyo ulikuwa kazi ya mwanachuoni aliyekwisha kuimiliki elimu yake. Muhtasari wa mtihani ni kazi ya kijana wa miaka kumi na saba, naye hupewa idadi ya maneno asiyotakiwa kuizidi.

Kutoka kusoma kwa sauti hadi kusoma kwa maswali

Zoezi la kifungu na maswali halina umri mkubwa kama inavyodhaniwa. Katika shule za msingi za Uingereza ya karne ya kumi na tisa, kusoma kulipimwa kwa sauti. Kanuni za mwaka 1862 zilifungamanisha ruzuku ya serikali na matokeo ya kila mtoto katika kusoma, kuandika na hesabu, na mkaguzi alikuja shuleni kumsikiliza mtoto akisoma kitabu cha darasa lake. Kwa kuwa fedha ya shule ilitegemea usomaji huo, walimu waliwafundisha watoto kitabu kizima kwa moyo, na wakaguzi wakalalamika kwamba wapo watoto waliokuwa wakisoma barabara hata kitabu kikiwa kimeshikwa juu chini. Mfumo huo uliachwa katika miaka ya 1890, lakini ulikuwa umeshatoa funzo ambalo lingejirudia mahali pengi: mtihani unapoangalia alama ya nje ya jambo, shule huzalisha alama hiyo, na jambo lenyewe huachwa.

Mwaka 1917 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha utafiti juu ya makosa ambayo watoto huyafanya wanaposoma aya moja na kujibu maswali juu yake. Alichokiona ni kwamba kusoma aya si kuunganisha maana za maneno moja baada ya jingine. Msomaji hulazimika kuyachagua maneno, kuyapima uzito, kuyahusisha na swali lililoulizwa na kuyatupilia mbali yasiyohusika, kama afanyavyo mtu anayetafuta ufumbuzi wa hesabu. Kwa Thorndike, kusoma ni kufikiri. Ni vigumu kupata tetezi bora zaidi ya zoezi la ufahamu. Lakini watoto wale walikuwa wakisoma Kiingereza, lugha waliyoitumia shuleni na mitaani. Walipokosea, mtafiti aliweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba kosa lilikuwa katika kufikiri.

Aliyelichukua suala la kusoma na kulipeleka katika makoloni ni Michael West, mwalimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Dacca, katika Bengal ya wakati huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya uwili-lugha alieleza kwamba mtoto wa Bengal alihitaji kusoma Kiingereza kuliko kukisema, kwa kuwa elimu ya kisasa aliyoitaka ilikuwa imefungiwa katika vitabu vya lugha hiyo. West aliuliza pia swali la kiungwana: mwanafunzi anayeacha shule kabla ya kumaliza, na hao ndio wengi, anaondoka na nini mkononi? Aliyefundishwa nusu ya kuzungumza huondoka na kitu kidogo sana, ilhali aliyefundishwa kusoma huondoka na ufunguo, hata kama ni mdogo. Kutokana na fikra hiyo alitunga vitabu vya kusoma vyenye msamiati uliodhibitiwa, ambamo maneno mapya yaliingizwa machache machache. Kwa mtazamo wa West, kusoma kulikuwa njia ya kufikia maarifa. Mtihani uliokuja Afrika Mashariki haukulitazama jambo hilo hivyo.

Cheti cha Cambridge

Bodi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianzishwa mwaka 1858 kwa ajili ya shule za Uingereza, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kuanza kuwatahini wanafunzi wa ng'ambo. Cheti cha shule ambacho jina lake lingejulikana sana Afrika Mashariki kilianza kutolewa mwaka 1918. Shule za Waafrika zilizoweza kuwafikisha wanafunzi katika kiwango hicho zilikuwa chache mno: King's College Budo iliyoanzishwa mwaka 1906, Tabora iliyofunguliwa mwaka 1925, Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926, na nyingine zinazohesabika. Mtoto wa Tanganyika alipita katika michujo kadhaa kabla ya kuufikia, na katika kila mchujo Kiingereza kiliongezeka uzito.

Uzito huo haukuwa wa hisia tu. Cheti cha Cambridge kilitolewa kwa kundi la masomo, na aliyeshindwa Kiingereza alikosa cheti hata kama hesabu na sayansi zake zilikuwa nzuri. Mantiki iyo hiyo ilitawala ngazi za chini. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni wa fikra, anasimulia habari za mwanafunzi mwenzake wa mwaka 1954 aliyefaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo yote isipokuwa Kiingereza. Mwenzake huyo alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani wote, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida lakini Kiingereza alikipata vizuri, alikwenda Alliance. Kisa hicho kimerudiwa mara nyingi kama ushahidi wa uonevu wa kikoloni. Kinachosahaulika ni kwamba kinahusu pia ufundi wa kutahini: karatasi moja ilipewa mamlaka ya kuzitengua karatasi nyingine zote.

Karatasi ya Kiingereza ilijengwa juu ya nguzo tatu: insha, ufahamu na ufupisho. Insha ilimruhusu mtahiniwa achague njia yake na ajiepushe na maneno asiyoyamudu. Ufahamu na ufupisho havikumpa nafasi hiyo. Kifungu kilikuwa kimeandikwa na Mwingereza kwa ajili ya Waingereza, na mtahiniwa alitakiwa kwanza akielewe, kisha akiseme upya kwa Kiingereza kisicho cha kile kifungu. Hapo ndipo lilipokuja agizo la maneno yako mwenyewe.

Uingerezani agizo hilo lilikuwa na sababu njema. Mtoto wa London ana njia nyingi za kusema jambo moja, na anapoliacha neno la mwandishi na kulichukua lake, msahihishaji huona kwamba wazo limepita akilini mwake. Maneno ya mtoto huyo ndiyo ushahidi wa kuelewa. Kwa mtoto wa Tabora au Kikuyu, aliyekutana na Kiingereza darasani na kukiacha darasani, maneno yake mwenyewe yalikuwa ya Kisukuma, Kiswahili, Kigikuyu au Kiganda. Huko ndiko ulikokuwa ushahidi wa kuelewa kwake, na huko mtihani haukuwa na sikio.

Darsa

Haikuwa lazima iwe hivyo, na pwani yenyewe ilikuwa na mfano mwingine. Watu wa pwani walikuwa na uzoefu wa karne nyingi wa kusoma maandishi ya lugha ya kigeni. Mtoto alipelekwa chuoni akajifunza kusoma Kurani kwa Kiarabu kabla ya kuijua maana yake, na jambo hilo limewapa wakosoaji wengi wa elimu ya chuo sababu ya kulidharau. Lakini chuo hakikuishia hapo. Waliotaka elimu walihudhuria darsa, ambako mwalimu alisoma kitabu cha Kiarabu kipande kwa kipande na kukifasiri kwa Kiswahili. Katika misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja desturi ya kusoma tafsiri ya Kurani katika mwezi wa Ramadhani, mara nyingi kwa kukifuata kitabu cha Jalalayni, iliwafanya hata wasiojua Kiarabu washiriki katika mjadala wa maana.

Linalostahili kuangaliwa katika darsa ni mgawanyo wa kazi kati ya lugha mbili. Andiko lilibaki Kiarabu, na hakuna aliyelipunguzia heshima yake. Maana ilitafutwa, ikajadiliwa na kuthibitishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyetaka kuonyesha kwamba amelielewa neno la kitabu alilieleza kwa lugha yake, na mwalimu aliweza kumsahihisha pale pale. Hapa kweli mtu alijibu kwa maneno yake mwenyewe. Darsa ilikuwa na upungufu wake, hasa kwa kuwa ilimtegemea mwalimu mmoja na haikutoa cheti ambacho serikali ingekitambua. Lakini katika suala la kupima ufahamu wa lugha ya kigeni ilikuwa imepata jibu ambalo Cambridge haikulitafuta.

Mafenzi na mizawe

Namna wanafunzi walivyojiandaa kwa karatasi hii inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Chukua sentensi ifuatayo, ambayo maneno yake makuu yametungwa na hayana maana yoyote: "Mafenzi yalidulika upesi kwa sababu mizawe yote ilikuwa imegwenya." Sasa liulizwe swali: kwa nini mafenzi yalidulika upesi? Yeyote anayejua Kiswahili atajibu bila kusita kwamba ni kwa sababu mizawe yote ilikuwa imegwenya. Akiulizwa ni nini kilichogwenya, atataja mizawe. Akiulizwa kama mafenzi yalikuwa moja au mengi, atasema mengi, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi umemwambia hivyo. Amepata alama tatu, na hajui fenzi ni tunda au ni hali ya hewa.

Mfano huo unaonyesha kwamba kujibu na kuelewa ni vitu viwili, na kwamba umbo la lugha peke yake linatosha kumfikisha msomaji kwenye jibu. Kijana wa kidato cha nne mwenye Kiingereza haba huwa katika hali hiyo hiyo mbele ya kifungu chake. Huanza na maswali, si kifungu. Hutafuta katika swali neno lisilo la kawaida, kisha hulisaka neno hilo katika aya. Akilipata, hunakili sentensi yote iliyolibeba, na kwa tahadhari huongeza inayofuata, ili jibu lisije likawa limebaki nje. Swali likianza na neno la kuulizia sababu, hutafuta kiunganishi cha sababu. Likiuliza maana ya neno, huandika neno lililo jirani nalo na kuomba Mungu.

Mbinu hizo si za wavivu. Zinahitaji uangalifu na bidii, na walimu wengi wamezifundisha kwa nia njema, wakijua kwamba wanafunzi wao hawatapewa mwaka mwingine wa kujifunza lugha. Ziliimarishwa na desturi ya kupitia karatasi za miaka iliyopita, ambazo hunakiliwa na kuuzwa pamoja na majibu yake na kufanyiwa mazoezi mashuleni na katika tuisheni. Mwanafunzi aliyefanya vifungu hamsini vya namna hiyo ameijua tabia ya mtihani vizuri sana. Kama amejifunza kusoma ni suala jingine.

Agizo la maneno yako mwenyewe liliwekwa ili kuuzima ujanja huo, na kwa kweli linauzima. Yule msomaji wa mafenzi, akitakiwa aeleze sababu kwa maneno yake, hana pa kuanzia. Tatizo ni kwamba linamzima pia mtu mwingine, yule aliyekielewa kifungu barabara lakini hana Kiingereza cha pili cha kukieleza. Wote wawili hunakili, na kwenye meza ya msahihishaji karatasi zao zinafanana. Baadhi hujaribu njia ya katikati: huichukua sentensi ya mwandishi na kubadilisha neno moja moja kwa visawe walivyovikariri, mpaka sentensi iliyokuwa na maana inakuwa haina. Wanaadhibiwa zaidi kuliko walionakili.

Mabaraza mapya, karatasi ile ile

Baada ya uhuru nchi tatu za Afrika Mashariki zilitaka mitihani yao wenyewe. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967 na kupokea hatua kwa hatua kazi ya Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza lake la Mitihani likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya iliunda la kwake mwaka 1980. Katika mabadiliko hayo vifungu vilibadilika sura: majina ya watu yakawa ya Kiafrika, na habari zikahusu kilimo, afya na miji ya nyumbani. Umbo la zoezi halikuguswa.

Kilichobadilika sana ni hali ya mtahiniwa, hasa Tanzania. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na mtoto alikutana na Kiingereza kama somo moja miongoni mwa mengi. Alipoingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote isipokuwa Kiswahili na siasa yaligeuka Kiingereza. Kuanzia hapo kila karatasi ikawa karatasi ya ufahamu. Swali la biolojia juu ya mzunguko wa damu lilikuwa kwanza kifungu cha Kiingereza cha kufumbuliwa. Aliyejua jinsi moyo unavyosukuma damu na asiyejua walikutana tena kwenye meza ya msahihishaji, karatasi zao zikifanana.

Kenya ilitoa katika miaka hiyo jaribio moja linalofaa kukumbukwa, ingawa lilihusu mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kwa sababu ya wingi wa watahiniwa, mtihani huo ulikuwa wa kuchagua jibu, na kwa hiyo haukumtaka mtoto aandike sentensi ya Kiingereza ili kuonyesha kwamba ameelewa. Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu wa mitihani, akiwemo Anthony Somerset, waliyatunga upya maswali ili yapime kufikiri badala ya kukumbuka, na wakawapelekea walimu maelezo ya makosa yaliyojitokeza. Waliamini kwamba walimu wangefundisha chochote ambacho mtihani unakiuliza, na kwa hiyo mtihani ndio uliofaa kurekebishwa kwanza. Ni ukweli mchungu, lakini waliutumia kwa faida ya watoto.

Vipimo vya mwaka 1984

Kwa upande wa Tanzania, utafiti uliolifungua suala hili ulifanywa na wanawake wawili waliojulikana zaidi kwa fasihi yao, Penina Mlama na May Matteru. Kazi yao juu ya haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu ilitoka mwaka 1978. Walionyesha jambo ambalo kila mwalimu alilijua na hakuna aliyeliandika: darasa lililokaa kimya mbele ya swali la Kiingereza lilipata sauti swali lile lile lilipoulizwa kwa Kiswahili. Kwa istilahi za mhadhara huu, walivitenganisha vitu viwili ambavyo mtihani ulikuwa umevifunga pamoja. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd waliandaa ripoti juu ya ufundishaji wa Kiingereza nchini na matumizi yake kama lugha ya elimu. Miongoni mwa vipimo walivyovitumia ni kujaza mapengo, njia ambayo Wilson Taylor aliieleza mwaka 1953: maneno ya kifungu hufutwa kwa utaratibu maalumu, na msomaji huyarudisha. Njia hiyo ina sifa ambayo maswali ya kawaida hayana. Hapana sentensi ya kunakili, wala hapana haja ya kutunga ufafanuzi. Msomaji hutakiwa aifuate fikra ya mwandishi na kulitia neno lililokosekana. Mbele ya kipimo hicho mbinu za kusaka maneno hazikufaa kitu. Ripoti ilieleza kwamba kwa takriban nusu ya wanafunzi wa sampuli yao, maarifa ya masomo mengine yaliyofika yalikuwa kidogo au hayakufika kabisa, na kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa katika kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaani wengi walikuwa wanamaliza safari kabla ya kufika mahali pa kuianzia.

Kutokana na matokeo hayo, waandishi hawakupendekeza lugha ibadilishwe, bali Kiingereza kiimarishwe. Mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliogharimiwa na Uingereza, ulianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 na kupeleka mashuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, ili wanafunzi wasome kwa wingi na kwa kupenda. Fikra ya West ilikuwa imerudi baada ya miaka sitini, na haikuwa mbaya. Lakini kitabu cha hadithi kilishindana na karatasi ya mtihani kwa muda wa mwanafunzi yule yule, na katika mashindano ya aina hiyo hadithi haishindi. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, waliopima uwezo wa kusoma wa wanafunzi wa sekondari mwaka 1987 na kuchapisha kitabu chao mwaka 1997, walikuta kwamba wengi hawakuweza kuvisoma kwa kuvielewa vitabu vyao vya masomo. Mradi wa pamoja wa watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, LOITASA, ulioanza mwaka 2002, ulipata picha inayofanana na hiyo.

Ufahamu wa Kiswahili

Inabaki sehemu ya historia ambayo wanafunzi wa taaluma za Kiswahili wana wajibu nayo zaidi kuliko wengine. Kiswahili kilipopata nafasi yake kama somo la mtihani, Kenya kwa lazima tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Tanzania mapema zaidi, hakikutunga karatasi yake upya. Kilichukua umbo lililokuwapo. Insha, ufahamu, ufupisho na matumizi ya lugha ni mgawanyo wa karatasi ya Kiingereza uliovishwa kanzu. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, ufahamu ulipewa alama 15 na ufupisho alama 15 kati ya 80, na mtahiniwa aliyelipata jibu lakini akakosea sarufi au tahajia akapunguzwa alama. Kuelewa na kuandika vikafungwa pamoja tena, safari hii na wenye lugha wenyewe.

Mtu angetarajia kwamba hapa angalau agizo la maneno yako mwenyewe lingekuwa jepesi. Mtoto wa Unguja, wa Dar es Salaam au wa Mombasa ana Kiswahili cha kutosha kukisema kifungu kwa njia tatu tofauti akiwa barazani. Hata wa bara, aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba, hakosi maneno. Hata hivyo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania huzichapisha, zikiwa na sampuli za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, zimewataja katika somo la Kiswahili pia watahiniwa walionakili sentensi za kifungu pale walipotakiwa kufupisha au kufafanua.

Hawa hawawezi kuelezwa kwa uhaba wa lugha. Wamesoma kifungu cha lugha yao kwa namna waliyojifunza kusoma kifungu cha Kiingereza katika kipindi kilichotangulia, siku ile ile, pengine kwenye daftari la aina ile ile: wakaanza na maswali, wakalisaka neno, wakanakili sentensi na inayofuata.